Kwenda Durban Kumfuata Haule

Nilikwenda Durban kwa sababu ya nyasi. Kiwanja kilicho jirani na nyumba yangu hapa Kihonda, Morogoro, ni cha Haule, na nyasi zake nimezifyeka mimi miaka yote hii mpaka panga limebaki jembamba kama sindano. Tulivinunua viwanja viwili siku moja tulipotoka Darfur, Sudan, kulinda amani, maana kule jangwani tulikubaliana kwamba tukirudi salama tutazeeka majirani. Mimi nikajenga. Haule akaenda Afrika Kusini kuendesha malori, akasema miaka miwili tu. Sasa Mwalimu Tesha wa mtaa wa pili anakitaka kiwanja, na kila nikimpigia Haule simu jibu ni lile lile: "Nakuja, Redio, usimpe mtu."

Redio ni mimi. Jina la jeshini, na sababu yake mtaiona wenyewe.

Mke wangu akasema, "Kamlete au kamwache. Mimi nimechoka kukaa na pori la mtu asiyekuwepo."

Morogoro hadi Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme, ambayo inakimbia hivi kwamba nilishuka karanga ya kwanza ikiwa bado mdomoni. Dar nikaingia kwenye ndege. Mara ya mwisho kupanda ndege ilikuwa ya jeshi, tumekaa ubavuni tumetazamana kama magunia ya viazi. Hii ina dada anayekuuliza utakunywa nini. Nikaomba maji. Nikanywa nusu, nusu nikaifunga nikaitia ndani ya koti, na jirani yangu akanitazama. Angepimiwa maji kwa kopo mwaka mzima kule jangwani, asingenitazama.

Johannesburg nilipanda basi la asubuhi. Kwanza ni tambarare, nyasi za njano mpaka mwisho wa dunia, na nilipoiona ile njano, kama ya jangwani, nikapapasa chupa yangu ndani ya koti. Halafu barabara ikaanza kushuka milima, ikashuka, ikashuka tena, nikadhani dereva ana miadi na kitovu cha ardhi. Mwisho wake miwa pande zote mbili, kijani kibichi, na hewa yenye unyevu ambayo ungeweza kuikamua kama shati.

Durban, saa kumi jioni, Haule alikuwa ananisubiri kituoni. Haule niliyemjua mimi ukimtazama kwa ubavu humwoni. Huyu alitanguliwa na tumbo. Akabana visigino, akapiga saluti mbele za watu.

"Bado unasema sana, Redio?"

"Nimepunguza."

"Muongo."

Tukakumbatiana hapo muda mrefu kuliko inavyofaa wanaume wenye mvi. Ndani ya gari akampigia mtu simu, akamwambia, "Niko hapa kwenye robot," nami nikachungulia nje nikitafuta mashine inayotembea, kumbe ni taa za barabarani tu.

Anakaa Albert Park, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti imestaafu kabla yetu. Mlangoni alisimama mkewe, Mama Béa, mwanamke wa Uvira, Kongo, mwenye saluni yake mtaa huo huo.

"Shemeji, karibu, ikala," akasema akinisogezea kiti. "Iko chai, iko mikate. Haule aliniambia unakulaka sana."

"Amekudanganya, shemeji. Nakula mara mbili ya alivyokwambia."

Jumamosi Haule hakuwa na zamu. Tukaenda kukaa kwenye ukuta mfupi karibu na bandari, mahali ambapo meli zenye makontena hupita karibu hivi kwamba unaweza kumwamkia nahodha. Tulizitazama mpaka mchana, na katika mazungumzo yetu meli ilikuwa moja tu.

"Unakumbuka beseni la asubuhi?" akaniuliza.

Nani atalisahau? Beseni moja, watu wanne. Wa kwanza uso, wa pili uso, wa tatu soksi, wa nne nilikuwa mimi, fundi wa magari, na maji yaliyobaki niliyamimina kwenye rejeta ya lori. Lori lile lilinukia sabuni kuliko sisi. Joto lilikuwa hivi kwamba hata kivuli changu kilitangulia kuingia uvunguni mwa gari.

"Na Selemani wa hema letu ananyoa ndevu kwa chai ya rangi," Haule akasema.

"Yenye sukari," nikasema. "Nzi wakamfuata mpaka lindoni."

Haule alicheka mpaka akafuta macho. "Mimi mpaka leo nagonga viatu kabla sijavaa, nikitafuta nge. Mama Béa anasema nabisha hodi kwenye viatu."

Ajabu ni kwamba kule tulihesabu siku za kuondoka, na sasa tunaililia hata ile supu ya kopo. Nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Na kiwanja, Haule?"

Akanyoosha kidole kwenye meli. "Ile inabeba magari."

Jumapili tulitoka kanisani, tukala, tukakaa. Mama Béa akauliza, "Hii vita yenu, jioni mulikuwa munafanya nini? Bwana yangu hanielezaka."

Nikamweleza. Jioni tulikuwa tunapika. Si kwa sufuria. Rasheni yetu ilitoka kwenye makopo na ladha yake ilikuwa kopo. Tulipika kwa mdomo. Kila jioni mtu mmoja anapika chakula cha kwao, hatua kwa hatua, wengine wanasikiliza na kumeza mate. Akiruka kitu anakatizwa. Akimaliza tunamuuliza, "Chumvi?" akijibu ndipo tumeshiba. Haule alikuwa bingwa. Kwao ni Mbamba Bay, na samaki wake wa Ziwa Nyasa, mbasa, alivyompika kwa mdomo, siku moja afande wa kikosi cha jirani alikuja kuomba mkia.

"Ila kulikuwa na sheria," nikasema. "Mtu anapika cha nyumbani kwake tu. Selemani alipotoka doria asirudi, siku ile hakuna aliyepika. Siku ya pili Haule akajaribu pilau ya Selemani, ya Tanga. Tukamnyamazisha. Cha nyumbani kwa mtu anapika mwenyewe."

Mama Béa akafanya ishara ya msalaba. Halafu akasema, "Mulikuwa mu vita ao mu restaurant?" Akajiegemeza kitini. "Haya, mupike, nisikie."

Nikaanza mimi, magimbi ya nazi ya kwetu Matombo, na nilikuna nazi nyingi hivi kwamba kama zingekuwa za kweli mnazi wa kijiji ungeanguka. Ikafika zamu ya Haule. Akafumba macho kama zamani. Nikajiweka sawa kumpokea mbasa.

"Unachukua majani ya muhogo," akasema, "machanga. Unatwanga."

Nikadhani ni utani.

"Makayabu, samaki wa chumvi wa kina Mama Béa, umeloweka tangu jana, chumvi itoke. Unachemsha majani, polepole, huyaharakishi..."

"Kitunguu umesahau, Papa Béa," mkewe akamkatiza.

"Sijasahau. Sijafika." Akaendelea na mafuta ya mawese, akaendelea na karanga zilizosagwa, mkono unakoroga hewani. Nilimngoja afike ziwani. Hakufika. Alipofumbua macho alinitazama mimi, si mkewe, na nikajua anajua alichokisema.

"Chumvi?" nikamuuliza.

"Ya samaki inatosha."

Mama Béa akapiga makofi. Mimi nikasema, "Nimpe Mwalimu Tesha?"

"Mpe."

Jumatatu alinisindikiza kituoni. Tulipofika mlangoni mwa basi akanishika mkono wa shati. "Redio, kabla hujaja nilimjaribu mbasa wa mama, kimoyomoyo. Nilifika kwenye nyanya, nikasahau kinachofuata."

Mimi nilikijua. Chakula kile nimekila kwa masikio mara elfu kumi. Nikavunja sheria ya kombania nzima, nikamwambia, "Binzari, kidogo tu. Halafu ndimu. Halafu unaufunika, unauacha mchuzi ukauke wenyewe." Akaitikia kwa kichwa, midomo ikirudia maneno. Nilipopata kiti dirishani bado alikuwa anarudia.

Njia nzima ya kurudi sikusema na mtu, na mke wangu hataki kuliamini hilo hata kwa kiapo. Nilichojifunza ni kidogo. Nilifyeka nyasi zile nikidhani namtunzia Haule nyumba, kumbe nyumba alishajenga, ghorofa ya tisa. Niliyekuwa namngoja ni kijana yule mwembamba wa jangwani, na yule hana basi la kumleta.

Mwalimu Tesha hakupoteza muda. Jana asubuhi lori lilirudi nyuma mpaka katikati ya kiwanja, likamwaga mchanga wa kujengea, laini, wa njano kama wa Darfur. Mke wangu aliita chai mara mbili. Mara ya tatu akaja mwenyewe, akanikuta nimekaa juu ya lundo, nimevua viatu.