Karatasi ya Kocha

Nianze na ujinga wangu kabla sijaupamba: niliiba karatasi ya kocha dakika kumi kabla ya mechi, nikaisokomeza ndani ya pedi yangu ya bega.

Mpira wetu ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na kugongana kama mabeberu. Tunaucheza nyuma ya maghala ya Dubai Investments Park, kwenye nyasi za plastiki zinazounguza magoti. Kocha aliucheza kwao kwa mshahara miaka kumi na moja, mstari wa mbele, pahala ambapo kichwa chako ndicho bampa. Sasa anatufundisha sisi, na sote anatuita "chifu". Mimi nilikuwa nikimwigiza ndani ya basi: natembea kama kabati linalohamishwa, namwita dereva chifu, wenzangu hoi kwa kicheko.

Kila kocha wa mchezo huu hushika karatasi iliyopigwa plastiki, yenye mbinu zilizopewa namba. Anachagua namba, anaituma uwanjani, sisi tunacheza. Ya kocha wetu haikumtoka mkononi hata akienda chooni. Nikaona ni mzaha mtamu: ahangaike kidogo, nimrudishie, tucheke.

Siku hiyo mwenye timu alikuja kutazama. Mkataba wa kocha ulikuwa unaisha, na hapa mkataba ukiisha, viza nayo khalas. Nilijua. Niliiba hivyo hivyo, alipoiweka benchini afunge kamba za viatu.

Kocha alipapasa mifuko. Akatazama chini ya benchi, ndani ya boksi la barafu, kisha chini ya benchi tena. Mechi ikaanza. Mrushaji wetu akageuka kungoja namba. Kocha akafungua mdomo, akaufunga. Sekunde zikaisha, refa akaturudisha nyuma yadi tano. Ikawa hivyo tena. Mara ya tatu, mzazi mmoja jukwaani akacheka. Mimi sikucheka, na hilo peke yake lilinitisha.

Kocha akanisogelea, akaninong'oneza: "Chifu, leo tunacheza na nani?"

Mapumziko nikajifungia chooni nikaitoa. Mbele, mbinu. Nyuma, sisi: namba zetu, sura zetu, na majina yetu yamekatwa vipande vipande apate kuyatamka. Namba yangu ilikuwa na maneno haya: "Mcheshi. Mwache achekeshe, wenzake wanamhitaji." Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, alijikumbusha mwenyewe: gari ni jeupe, liko nyuma ya jengo, ukitoka getini, kata kulia.

Nikairudisha chini ya taulo lake. Aliipata, akaifuta jasho, hakumuuliza mtu. Kipindi cha pili tulicheza kama watu, tukafungwa kwa pointi chache tu.

Mama alikuja kunichukua, akaona sina utani hata mmoja, akaniuliza nimeumia wapi. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alinishika mkono mpaka kwa mwenye timu, aliyekuwa getini, akanambia nirudie nilivyomwambia yeye. Nikarudia: sir, ni mimi niliyeiba, kocha hana kosa, asihukumiwe kwa mechi ya leo.

Mwenye timu alinisikiliza vizuri. Akauliza swali moja tu: kwa hiyo bila ile karatasi, hawezi?

Akanipiga piga begani, akanishukuru kwa kumfumbua macho, akaingia garini mwake. Kule uwanjani kocha alikuwa akiokota koni moja moja na kuzipachika juu ya mkono wake, anaimba.

Ndani ya gari letu mama alisema hivi, na siongezi neno:

"Kesho n'takupeleka kwake ukamtake radhi. Umwambie uliyoyaiba, na uliyoyasema leo pale getini. Na usende ukamchekesha."