Bei ya Zamani Kwenye Kibao cha Ithungu

Pale mpakani Bwera, Ithungu hubadilisha pesa chini ya mwavuli mwekundu, shilingi za Uganda kwa franka za Kongo. Kibao chake kinasema franka elfu moja ni shilingi elfu tatu na mia sita. Uongo mtupu! Siku hizi haifiki hata nusu. Wageni wakikiona wanafurahi, wakipewa bei ya kweli wananuna, na mimi ninayeuza chapati jirani yake ndiye ninayesikia matusi yao.

Zamani, kila asubuhi, Mbambu mwenye meza ya pesa upande wa Kongo alivuka daraja na chaki yake. Walikunywa chai kwangu wakibishana bei. Wakishapatana, Mbambu aliandika kibao cha Ithungu, kisha Ithungu akavuka kwenda kuandika cha Mbambu. Ndiyo ilikuwa desturi yao: hakuna aliyejiandikia bei mwenyewe, kwa hiyo hakuna mteja aliyewashuku.

"Yaya, leo franka iko na nguvu," Mbambu alikuwa akisema, akimwita Ithungu dada mkubwa kwa lugha ya kwao, huku akichora tarakimu zake nene.

Kisha vita vikafika kwao Mbambu, karibu na mji wa Beni huko Kongo, naye hakuvuka tena.

Jana nilichoka. Nilimtupia Ithungu kitambaa. "Futa hiyo bei, andika ya leo!"

"Niandike mimi?" akaniuliza. "Kibao hiki kina mwandishi wake."

Mvua ikaanza ghafla. Ithungu alikikumbatia kibao, akakimbilia kibandani kwangu. Pesa aliziacha mezani zikilowa.