Kikapu Nilishika Mimi, Kitabuni Yumo Mwenzangu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mihogo mchana na magimbi jioni, baada ya mvua ya mawe kuilaza migomba yetu yote huku upande wa Nshamba. Ukimwona Mhaya anakula mihogo wiki nzima, ujue mambo yameharibika. Mwingereza alikuwa bado anatawala.

Ndipo akaja Mzungu mmoja msomi, pamoja na mwalimu wa kumtafsiria. Alikuwa ameshazunguka kutoka Bukoba mjini mpaka kisiwani Bumbire, akiandika jinsi watu wanavyogombana na wanavyopatana. Kwetu alifuata habari za ugomvi wetu na jirani, uliojulikana mpaka barazani kwa mukama, mtawala wetu.

Ugomvi huo wa miaka ya nyuma niliuzima mimi. Jirani aling'oa omulamula, ule mti tunaopanda mpakani, akausogeza hatua nne ndani ya shamba letu. Mume wangu akatoka na panga. Jirani naye akaja na ndugu zake, na mapanga yao. Mimi nikatoka na kikapu cha kahawa ya kutafuna, nikampigia magoti jirani kana kwamba amekuja kututembelea. Kwetu kahawa ya mgeni haikataliwi, na ukishaitafuna, mwenye nyumba humgusi. Akatafuna kwa hasira. Mapanga yakashuka, wakaenda kusemea barazani.

Mke mwenzangu siku hiyo alikuwa hata hajaolewa. Alikuwa kwao Kagondo, anaruka kamba.

Sasa Mzungu anaingia uani, na nani anaketi naye kivulini? Yeye, kwa sababu ya meno yake meupe na Kiswahili chake cha misheni. Mimi nilikuwa namenya mihogo karibu hapo, nasikia kila neno.

"Tulipiga magoti," anasema, "tukawapa kahawa."

Eti "tulipiga"! Mzungu anaitikia kwa kichwa, kalamu haipumziki. Nikajikata kidole kwa wivu. Wala si wivu wa mume; mume tulishagawana zamu. Nililionea wivu lile daftari. Niliitamani ile kalamu kama mjamzito anavyotamani udongo.

Walipomaliza, mwalimu akanijia. "Mama, bwana anaomba na wewe uongeze kidogo."

"Kidogo? Sisemi. Mimi sili kilichobaki kwa mwenzangu."

Mwenzangu akacheka. "Mwache, mwalimu. Huyo hana Kiswahili cha kuandikwa."

"Cha kukutukana ninacho. Kaa hapo hapo nikuonjeshe."

Jioni mume wangu akaja jikoni kunibembeleza. "Mama watoto, kesho anaondoka. Ukinyamaza, kitabuni atabaki yule." Alisema kweli, na nilijua ni kweli. Mjukuu wangu aliyesoma mpaka Makerere ananilaumu mpaka leo. Na alaumu, hakuwapo.

Asubuhi Mzungu akaja mwenyewe, kofia mkononi, akachuchumaa mlangoni pa jiko langu. Maneno yote yalikuwa yameshajipanga mdomoni: panga, magoti, jirani anavyotafuna.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "nimeambiwa kikapu ulishika wewe. Nieleze, nami nitaliandika jina lako chini ya lake."

Chini ya lake! Mimi, mke mkubwa!

"Sisemi. Mimi sili kilichobaki kwa mwenzangu."