Kura Zilizolowekwa

Habari ilimkuta Léoncie bombani, ameinama kuweka bidoni yake chini ya maji, mtoto mgongoni. Jirani yake Émilienne, aliyeshuka mtumbwini asubuhi hiyo kutoka Kazimia, alimsogelea akamnong'oneza kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"We uko hapa unachota maji, na mwenzako wa soko amekula kura. Mama Pulchérie. Kura yote ya bamama. Banasema bureau ya soko itamuita leo."

Léoncie akauliza amezilaje.

"Amekula, si nakuambia? Balimuona na macho."

Léoncie alifunga kifuniko cha bidoni taratibu. Kusema kweli, kura hizo hata yeye alizila, sahani mbili, na kitoto chake Inamahoro kikalamba mchuzi. Lakini ndivyo habari za mji wa Baraka zilivyo: zikipanda mtumbwi kwenda Kazimia huwa ndagala wadogo, zikirudi ni mamba. Kilichomtia hofu ni lile neno la bureau, ofisi ya wakubwa wa soko. Wakubwa wangeamini maneno ya Émilienne, Mama Pulchérie angefukuzwa sokoni, Prezida Bienfait angebaki kitini pake, na yeye Léoncie na mtoto wangebaki juani.

Maana hangari la soko lina bati, na chini ya bati kuna kivuli, na kivuli hicho ni Bienfait aliyekuwa anakigawa. Alikuwa prezida wa hangari tangu lijengwe. Alikuwa na kiti cha mikono chenye mto wa kitenge, na filimbi shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Msibani alilia kuliko wafiwa. Ila nafasi za ndani ziliwaendea waliosifu filimbi yake. Léoncie hakuwa na mtu wa kumsemea. Alitoka Burundi angali msichana, akakulia kambini Lusenda, akaolewa Baraka, akaanza kuuza sombe, majani ya muhogo, nje ya hangari, kitenge kimefungwa juu ya vijiti viwili ili jua lisimchome mtoto.

Jirani yake wa juani alikuwa Mama Pulchérie, muuza mawese. Huyo aliuza mawese pale kabla hata ya nguzo ya kwanza kusimamishwa. Kosa lake lilikuwa moja: aliwahi kuuliza mkutanoni muhula wa prezida unaisha lini. Bienfait alimjibu kwa upole kwamba yeye ataondoka siku hangari litakapomalizika. Na kweli, kwenye pembe ya nyuma palikosekana bati moja. Miaka ilipita, mvua zikapita, bati lile halikupatikana.

Mama Pulchérie alizaliwa Kazimia, binti wa fundi vitanda. Akimimina mafuta kwenye chupa ya mteja, faneli mkononi, alipenda kusimulia habari za baba yake, siku nchi ilipokuwa bado mpya na chama ni kimoja. Watu waliitwa wachague: kadi ya kijani ni ndiyo, kadi nyekundu ni hapana. Baba yake akaomba nyekundu. Askari akamwambia nyekundu zimekwisha, na huku amezikanyaga kwa buti. Basi mzee akasema apewe hiyo ya kijani, mke wake ana shida ya kuwasha moto. Alilala kizuizini, akarudi shavu limevimba, na radio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba wote wamekubali. "Balituhesabu mbele, hatujafika," mzee alizoea kusema, na binti yake alilirudia neno hilo akicheka mpaka mafuta yakamwagika, na mafuta yaliyomwagika hugeuka matabishi, nyongeza ya bure ya mteja.

Vita vilimvusha ziwa mpaka kambi za Tanzania. Alikwenda na faneli, akarudi na faneli. Mume alibaki kwenye udongo wa kule. Yeye akarudi, akacheka tena.

Ndipo mwaka huu wanawake wa hangari waliposema inatosha, tuchague. Bienfait akakubali, kwa kuwa kukataa kungeonekana vibaya. Wengi hawakusoma, kwa hiyo walipatana kupiga kura kwa maharagi. Vyungu viwili nyuma ya pazia la kitenge: kimoja kimefungwa kamba ya filimbi, kimoja kimefungwa kitambaa chenye doa la mawese. Kila mwanamke punje moja. Léoncie alipoingia na yake aliitumbukiza penye doa, akaisikia ikilia "ti" chini ya chungu.

Walipomaliza, Bienfait alisema vyungu vipumzike kidogo dukani kwake, mbuzi wasije wakapiga kura nao. Watu wakacheka, na kucheka kulimsaidia kuvibeba. Aliporudi navyo, mkeka ukatandikwa. Chungu cha Mama Pulchérie kikamwagwa: punje zikalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kikamwagwa cha Bienfait. Chenyewe hakikulia. Kilisema "pwaa". Maharagi yalianguka kwa kundi, manene, maganda yamekunjamana, na maji yakatambaa juu ya mkeka mpaka kwenye vidole vya miguu ya watu.

Kisha Félicité, mke wa prezida, muuza chumvi, akapenya katikati ya watu, akainama, akachukua punje moja akaigeuza.

"Hii ni maharagi yangu," akasema. "Nililoweka jana mangaribi. Asubuhi nafunua sufuria, nakuta maji tu. Na mi nimetukana mbuzi ya jirani bure."

Soko lilicheka mpaka wauza samaki wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kuna nini. Bienfait alisimama imara. Alieleza kwamba ni joto, kura zimetoka jasho, kwa sababu bamama walimchagua kwa nguvu.

Léoncie hakuwa anamtazama yeye. Alimtazama Mama Pulchérie, akaona mkono umeshika faneli kiunoni kama mtu anayeshika ukuta, na mdomo unacheza. Alidhani atalia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Mama Pulchérie akapiga magoti, akachambua zile punje kavu za vyungu vyote viwili, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hizo, alisema, ni za watu. Halafu akakusanya zile zilizolowa ndani ya beseni.

"Prezida anasema ni kura. Félicité anasema ni chakula. Mi najua jambo moja: maharagi yenye kulowekwa hairudi mu gunia. Nani iko na makala?"

Makaa yakaja. Kitunguu kikaja, na sufuria ya harusi ikaazimwa. Yeye akatoa mawese, Léoncie akatoa sombe. Maharagi yale yalikuwa tayari laini, hayakuchelewa kuiva, na wanawake waliyaimbia yakiwa motoni wimbo walioutunga papo hapo, wa mbuzi asiye na hatia. Bienfait alikaa mbali kwenye kiti chake, akijifanya anasafisha filimbi. Harufu ikamfuata. Mwisho Félicité alimpelekea sahani bila kumtazama, naye akala, kisha akatuma watu wamwombee pilipili. Siku hiyo hakuna mshindi aliyetangazwa.

Hizo ndizo kura alizokula Mama Pulchérie.

Basi Léoncie aliiacha bidoni kwa Émilienne akakimbia sokoni. Alikuta mtu wa bureau amekwisha fika, kijana mwenye miwani, amesimama katikati ya hangari na uso wa kazi. Bienfait alikuwa pembeni yake. Kijana aliuliza kama ni kweli mama huyu amekula kura.

"Ni kweli, chef," Mama Pulchérie akajibu. "Na chumvi ilikuwa kidogo."

Watu walicheka, lakini kijana hakucheka. Alisema hilo ni jambo zito, mtu mmoja hawezi kula kura za wengine; kama alikula peke yake, atatoka sokoni leo. Akauliza nani mwingine alikula. Wanawake wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa na meza, na meza inanyang'anywa.

Léoncie hakuwahi kusema neno mbele ya mkutano. Alimvuta mtoto mgongoni, akainua mkono.

"Mi nilikula sahani mbili."

"Nami nilikula," sauti ikatoka nyuma.

"Mi nilikwangua sufuria."

Mikono ikapanda mpaka nyuso hazikuonekana. Félicité akapaza sauti kwamba hata prezida alikula, na akaomba pilipili. Hapo miwani ya kijana ikaanza kuruka juu ya pua. Alijikaza asicheke, akasema kwamba kura iliyo tumboni hakuna serikali inayoweza kuihesabu. Kwa hiyo watu wapange mistari hapa hapa mchana, kila mtu nyuma ya anayemtaka.

Mstari wa Mama Pulchérie ulitoka nje ya hangari, ukavuka barabara, pikipiki zikasimama. Wa Bienfait uliishia kwenye kivuli chake. Ndani yake alikuwamo Félicité, amekunja mikono.

"Mi niko hapa kwa ndoa," alitangaza, "si kwa kura."

Juma lililofuata lile bati la pembe ya nyuma lilipatikana. Lilikuwa nyuma ya duka la Bienfait, kuku wanalala juu yake. Nafasi zikagawanywa kwa kuokota vijiti, na kijiti cha Léoncie kilimpeleka kwenye pembe hiyo hiyo. Inamahoro alilala mchana kutwa kivulini, jasho halikumtoka hata tone.

Jioni, wakifunga bidhaa, Mama Pulchérie alijaribu kiti cha mikono. Alikaa, akajisogeza, akaegemea.

"Kiti hii iko tamu, Léoncie," akasema. "Iko tamu mubaya."

Akainuka, akafungua pindo la kitenge, akammiminia mkononi zile punje kavu.

"Zichunge, mwanangu. Siku utasikia nasema hangari haijaisha, ziloweke mangaribi, uje nazo asubuhi na sufuria. Unipikie mbele ya bote. Chumvi nitaleta mi mwenyewe."