Misumari Yangu ya Shaba

Tangu fundi yule aanze kubadilisha sakafu ya boti ya aluminiamu ya Mfaransa mwenye shamba la mlangilangi, hapa Mutsamudu, nakaa karibu kumchunga, maana mjukuu wangu Charifa atavuka nayo kwenda shule Moroni. Haongei. Kila kipande cha povu gumu, lile la chini ya sakafu linaloizuia boti isizame, hukikamua maji, hulamba kidole kuonja chumvi, kisha hukitupa. Vidole vyake viwili havina kucha. Mafundi wetu walikalafati nyufa kwa pamba na mafuta ya papa huku wakimsalia Mtume; huyu hupiga mluzi. Jana nilimwona akisukuma kopo la misumari ya shaba aliyoing'oa sakafuni chini ya gunia.

“Mwizi wewe! Misumari hiyo niliitoa mimi mwaka jana, nikaipigilia kwenye sakafu hiyo kwa mkono wangu.”

Hakukasirika. Alikishika kidole changu, akakiingiza kwenye tundu la msumari ukingoni mwa sakafu. Kilipenya ubavu wa boti mpaka nje, kikapigwa na upepo.

“Bakoko,” alisema taratibu, kama mjukuu amwitavyo babu yake, “shaba ikilowa maji ya chumvi huila aluminiamu.”

Leo nimerudi kumchunga. Misumari sijaiulizia.