Mshono wa Katikati

Kivuva, mume wa Mama Nduku, alichukuliwa na mto Athi akivuka kwa miguu kutoka soko la Ikutha. Hakikupatikana hata kiatu chake. Tangu hapo mama huyu aliapa kwamba mwethya wake utavuka kwa boti. Na Mama Nduku akiapa, hata mbuzi huacha kutafuna.

Mwethya ni kundi letu la kusaidiana kazi, na yeye aliuongoza miaka yote kwa kuchimba mitaro mashambani. Mbinu yake ilikuwa moja: kila ukoo upewe kipande chake, usiguse cha mwenzake. Hapo hakuna vita. Basi na boti akaipanga vilevile. Watu wa kilimani, nusu ya mbele. Watu wa bondeni, nusu ya nyuma. Kila nusu na mwenyekiti wake, naibu wake, na fundi wake wa kuchomelea vyuma. Vyeo vilizidi mabati.

"Na pale katikati zinapoungana ni pa nani?" nikauliza mkutanoni.

"Pa watu wa bondeni," wakasema wa kilimani.

"Thubutu! Penu hapo!"

Mama Nduku akakata shauri: wa kilimani wachomelee ndani, wa bondeni nje, kila mtu na siku yake.

"Mama, basi tuijaze maji kwanza ikiwa hapa juu ya mawe, tuone kama itavuja," nikasema.

"Wewe diploma imekushinda nusu njia, leo unataka kunimalizia boti?"

Mkutano mzima ukacheka.

Siku ya kuizindua, mto ulikuwa mwekundu, unabeba magogo. Pasta aliomba kwa ufupi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mbinya, binti ya Mama Nduku, akaingia na mtoto mgongoni, waende kliniki ng'ambo. Mama akamfuata. Boti bado imefungwa kamba ukingoni, mshono wa katikati ukaanza kutoa jasho.

Mama Nduku aliuona. Akaukanyaga kwa kandambili.

"Mbinya, shuka."

"Kwani nini, mama?"

"Shuka, nimesema! Kliniki haihami."

Mbinya akashuka.

"Na wewe pia, mama," nikamwambia.

"Mimi nikishuka, kesho hawa watavuka kwa miguu." Akaketi juu ya mshono, akajifunga leso. "Sukumeni."

Wa kilimani wakashika mbele yao. Wa bondeni wakashika nyuma yao. Katikati hakushika mtu.