Waliuliza Wanaume Kama Kuna Makaburi

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinalia gizani.

Ti-ti-ti-ti. Juu ya mboga ya jana, sombe ya majani ya muhogo.

Nikasema panya. Nikagonga ukuta kwa kiganja, maana panya wa kwetu ukimgongea ukuta ananyamaza.

Huyu hakunyamaza.

Nikaweka mkono juu ya kifuniko. Kikatulia, lakini sasa mkono wenyewe ukawa unatetemeka. Halafu nikasikia kwa nyayo. Ardhi ya nyumba nzima ilikuwa inatetemeka, polepole, kama mtu mwenye homa.

Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika. Binti yangu Plamedi amelala, mdomo wazi. Mume wangu Amisi yuko Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu, kwa hiyo nyumba ni mimi, mtoto, na huyu aliye tumboni.

Nikafungua mlango.

Kule bondeni, katikati ya migomba, kulikuwa na taa mbili kubwa.

Katapila.

Ndugu mnaosoma, naandika hii nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Jina la senta yetu, mji wetu mdogo, sitalitaja. Iko kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ile ambayo wakati wa mvua pikipiki inazama mpaka kwenye injini. Wenyewe watajitambua.

Nyuma ya kartiye letu, mtaa wetu, kuna bonde dogo lenye udongo wa majimaji. Wanaume wakilitazama wanaona migomba ya mwitu. Hakuna anayelima pale, hakuna anayejenga. Kwao ni uwanja wa bure.

Sisi wanawake hatulitaji kabisa.

Kwetu, mtoto akifa kabla kitovu hakijadondoka, anakuwa bado hajapewa jina. Hapelekwi makaburini na wala hawekewi matanga. Wamama wakubwa wanamchukua alfajiri, wanamlaza pale kwenye udongo wa baridi, wanapanda chipukizi la mgomba juu yake. Hawaweki tuta, msalaba wala jiwe. Wa Wakristo na wa Waislamu wako pamoja.

Baba haendi. Baba haulizi.

Na mama mwenyewe hapataji kwa mdomo. Wanasema ukipataja tu, tumbo linasikia. Mtoto anayekuja naye hatakaa.

Mimi nina wangu pale. Hakufika hata kujua kunyonya. Vidole vyake vilikuwa virefu kama vya baba yake, hicho ndicho ninachokumbuka kuliko vyote. Mama Cécilia, mzee anayezalisha wote kartiye letu, alimfunga kwenye kipande cha kikwembe changu cha kujifunga, akaenda naye. Sikulia kwa sauti. Hairuhusiwi.

Basi nilipoona zile taa nilikimbia, kandambili mguu mmoja.

Pale nikamkuta Djuma, shefu wa kartiye, amevaa koti lake la sherehe. Pembeni yake kijana wa komini, ofisi ya serikali ya mji, injenia Yves, kizibao cha rangi ya chungwa, anaonyesha kwa kidole: hapa, pale, mpaka kule.

"Papa Djuma, iko nini hapa?"

"Salamu kwanza, Mama Plamedi."

"Jambo. Iko nini hapa?"

"Soko jipya!" Akafungua mikono kama mtu anayekupa zawadi. "Soko ya kisasa, na parking ya mapikipiki. Kila siku munalia munauza kwenye matope. Sasa muji unakuya mpaka kwako, unauliza iko nini?"

"Nani alikubali?"

"Wenyeji. Reunion ilifanyika. Komini ilituuliza, tukajibu."

"Reunion ya lini?"

Akakuna kidevu.

Mkutano wao ulikuwa wakati wa kung'oa karanga! Wanawake wote tulikuwa mashambani, tunalala huko huko kwenye vibanda. Wanaume walibaki, eti kulinda kartiye. Walilinda viti vya plastiki, chini ya hema la komini, soda mkononi.

"Na sisi wanawake?"

"Kila mwanamuke iko na bwana yake. Bwana anasikia kwa nyumba nzima."

"Bwana yangu iko ndani ya shimo Salamabila. Alisikia na sikio gani?"

Dereva wa katapila akacheka huko juu. Djuma hakucheka.

Yule injenia akamgeukia dereva akamwambia kwa Kifaransa aanze na mstari wa mbele, uwanja ni mtupu, hakuna kitu, huyu mwanamke atachoka mwenyewe.

Alidhani sisikii Kifaransa.

Mimi ninasoma masomo ya mangaribi, ya jioni, kwa mwalimu Sonia, nyuma ya parokia. Watu wananicheka, mama mzima anabeba daftari mkono huu na mtoto mkono huu. Kifaransa changu kinachechemea. Lakini kusema mahali pale ni patupu, hilo ningelisikia kwa lugha yoyote.

Nikamjibu kwa Kifaransa hicho hicho kinachochechemea: si patupu.

"Ah! Mama anasoma," akasema, akirudi kwenye Kiswahili. Alikuwa na adabu, hata ninamkubalia hilo. "Basi utanielewa, mama. Mimi niliuliza vizuri. Kabla ya kujenga lazima tuulize: kuko makaburi? Kuko kisima? Kuko mahali pa mizimu? Wakajibu hakuna. Uliza shefu yenu."

Djuma akapiga kifua. "Niliapa mbele ya watu! Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Hakuna kaburi hata moja."

Na hakudanganya.

Hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka kwenye meno. Angekuwa anadanganya ningemtukana, nikamaliza. Lakini yule mzee aliapa kwa moyo safi kabisa.

Wanawake walikuwa wameanza kufika, mmoja mmoja, vikwembe mabegani. Mama Cécilia akanishika mkono kwa nguvu.

"Funga mudomo. Uko na tumbo."

"Mama, wataingia na katapila."

"Funga mudomo, mwanangu. Wale wamekwisha kulala. Huyu bado anakuya. Chunga huyu."

Niambieni ninyi, mngemjibu nini? Nikaweka mkono juu ya tumbo. Mtoto alikuwa ametulia, hasogei.

Katapila likashusha chuma chake.

Mgomba wa kwanza ulianguka kwa sauti ya kitambaa kibichi kinachopasuka. Halafu mwingine. Udongo mweusi ukafunuka. Nikawatazama wenzangu. Kila mmoja amefunika mdomo, na kila mmoja macho yake yako kwenye mgomba wake. Sikuhitaji kuambiwa nani ana nani pale. Macho yalisema yote.

Hapakuwa na mwanamke wa kartiye letu aliyekuwa anatazama angani.

Nikachomoa mkono wangu kwa Mama Cécilia, nikaenda kusimama mbele ya chuma.

"Ondoka!" Djuma akapiga kelele. "Unataka kufia migomba ya mwitu? Ndiyo munafundishwa kwenye masomo ya mangaribi?"

"Kuko watoto hapa chini."

"Nini?"

"Watoto. Wetu. Wale hawakufika kupewa jina. Mwana ya Amisi iko pale, kwa ule mugomba wenye kuinama."

Nyuma yangu nikasikia Mama Cécilia akitoa pumzi kama mtu aliyepigwa. Aliufunika uso wake kwa kikwembe.

Nilikuwa nimesema. Haikurudi tena mdomoni.

Djuma alinitazama. Halafu akacheka, kicheko kikubwa cha kuita watu wacheke naye.

"Mumesikia? Sasa wanawake wanazika watu, shefu hajui! Injenia, usisikilize. Wanakataa maendeleo, ndiyo kazi yao. Mutu azikwe nyuma ya nyumba yangu, mimi Djuma nisijue? Mimi?"

Wanaume kadhaa wakacheka naye.

Ndipo Mado akapita.

Mado ni mke wake Djuma. Anauza mikate ya mafuta kando ya barabara, na hakuna mtu aliyelitamani soko jipya kuliko yeye, maana mvua ikinyesha ni bidhaa yake inayolowa. Mume wake akizungumza, yeye anatazama chini. Ndivyo tunavyomjua.

Siku ile alimpita mume wake kama anavyopita mlingoti. Akaenda mpaka kwenye mgomba mmoja mnene, akakaa chini, miguu ameinyosha, kama wanawake wanavyokaa matangani.

"Djuma."

Hakusema papa fulani, wala shefu. Jina lake tupu, mbele ya watu.

"Mado, inuka. Unanitia haya."

"Mutoto wetu wa kwanza iko hapa. Mapacha wako hapa, niliomba walazwe pamoja. Uliniuliza siku moja?"

"Mado..."

"Niliingia ndani ya nyumba na tumbo. Nikatoka bila tumbo na bila mutoto. Ulifikiri walienda wapi?"

Djuma alifungua mdomo. Ule mdomo ulioapa.

"Nilifikiri," akasema mwishoni, kidogo kidogo, "nilifikiri wamama wanajua."

"Ndiyo. Wamama wanajua. Sasa uwaulize."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Djuma alitazama chini ya viatu vyake, akainua mguu mmoja, hakujua pa kuuweka.

Injini ikazimika. Dereva, anaitwa Muhindo, mtu wa Butembo, alishuka na kofia mkononi.

"Injenia, mimi siendeshi tena."

"Ni mimi ninakupa kazi!"

"Basi panda mwenyewe."

Yves hakupanda.

Mnadhani iliishia hapo, tukakumbatiana? Thubutu!

Siku zilizofuata tuliitwa kila jina. Wachawi. Maadui wa soko. Kijana mmoja wa pikipiki aliniuliza kwa sauti barabarani, "Mama, maiti isiyo na jina inazuia muji mzima?" Nikamwambia hata wewe ulikuwa huna jina siku ya kwanza, ni bahati tu kitovu chako kilidondoka. Akawasha pikipiki yake akaenda.

Lakini neno lililonichoma zaidi lilitoka komini kwenyewe. Tulikwenda wanawake wote, tukajaza baraza. Mkubwa wa pale akatutazama kwa huruma, akasema, "Wamama, mungesema mapema."

Mngesema mapema!

Kwa nani? Katika reunion gani? Mliita watu siku ambayo sisi wote tulikuwa kwenye karanga! Mlimuuliza mtu ambaye mila inamkataza kujua, akawajibu kwamba hajui, nanyi mkaandika kwamba hakuna!

Nilisema hayo yote, kwa Kiswahili, mbele yake. Halafu tukakaa chini, wala hatukuondoka, mpaka akakubali kuitwe reunion nyingine, kule kule bondeni, Jumapili baada ya misa, wakati hakuna aliye shambani. Wanawake wakae mbele.

Mado ndiye aliyeongeza la mwisho: "Na soko tunaitaka! Musijifanye hamukusikia. Kuko lile ghala la pamba lililoanguka ngambo ya barabara. Juu ya matofali yale hakuna mutoto wa mutu."

Amisi alipiga simu kutoka Salamabila. Habari ilikuwa imemfikia kwa wachimbaji wenzake.

"Iko upande gani?" akauliza.

Mara ya kwanza kuuliza tangu mtoto alipokufa. Nikamwambia ni kwa ule mgomba unaoinama, Plamedi akisikiliza pembeni yangu. Nikamwambia na vidole vilivyokuwa virefu. Tulilia, yeye kule, mimi huku, kwa sauti.

Mama Cécilia haniongeleshi vizuri. Anakuja tu kila asubuhi, anaweka mikono yake juu ya tumbo langu, anasikiliza, anaondoka bila neno. Mtoto anacheza. Kama nimemkosea, sijui. Ninasubiri, na ninatumaini, maana bila kutumaini mwanamke hashiki mimba nyingine baada ya kuzika.

Somo langu kwenu ndilo hili, nanyi wa komini mkisoma mlishike: kuuliza nusu ya watu si kuuliza. Njooni siku tulipo. Mkikuta hatupo, msiandike kwamba hatupo duniani. Na sisi wanawake wenzangu, kimya chetu tuliona ni heshima, kumbe kilikuwa kinafungulia mashini njia. Kuna mambo ya kunyamazia, najua, nimelelewa hivyo hivyo. Lakini siku chuma kinashuka, mdomo ndio ukuta tulio nao.

Jumapili ile walikuja. Mkubwa wa komini, Yves na vijiti vyake vya kupimia, wanaume nyuma yetu wamesimama. Djuma hakuvaa koti.

Yves alisafisha koo. "Wamama, nipige kijiti wapi? Munionyeshe wanaanzia wapi."

Hakuna aliyesogea. Mazoea ni kitu kigumu. Hata mimi niliyekuwa nimepiga kelele mbele ya katapila, mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo.

Plamedi akaachia kikwembe changu. Akaingia katikati ya migomba, akasimama kwenye ule unaoinama, akasema kwa ile sauti yake ya kuwaonyesha wageni nyumba yetu:

"Mudogo wangu iko hapa."